Swali la baba mkubwa

Katika kikao cha familia tulichokaa Uyole, Mbeya, mwezi Juni, mahindi yakiwa bado yanaanikwa uani na baridi ikiwa imetukimbiza wote sebuleni kabla ya saa kumi na mbili jioni, baba mkubwa alinisikiliza karibu nusu saa nikieleza habari za kupandikizwa mapafu, kisha akauliza swali moja lililonifanya nifunge daftari langu. "Mwalimu," aliniambia, maana hata nyumbani haniiti jina jingine tangu nianze kufundisha baiolojia, "umesema mapafu ya mdogo wako yameziba kwa sababu kinga yake mwenyewe iliyageuka. Na umesema akiwekewa mapafu ya mtu mwingine, kinga hiyohiyo itayaona ni mageni, nayo yatakuja kuziba. Sasa tuuze shamba tukanunue ugonjwa uleule?"

Mama mdogo alitikisa kichwa kana kwamba kesi imekwisha. Mimi nilimwomba baba mkubwa anipe muda. Ninachoandika hapa ni jibu ambalo nimelikusanya kwa miezi kadhaa, kwa kusoma, kwa kuwauliza madaktari, na kwa kukaa karibu na mgonjwa mwenyewe, ambaye ameniruhusu kueleza yote isipokuwa jina lake.

Mdogo wangu ni fundi cherehani, Mwanjelwa. Ugonjwa wake haukuanzia kifuani, ulianzia mdomoni, na hilo ndilo lililotupoteza wote. Midomo yake ilichubuka, ikatoa damu, damu ikakauka na kufanya gamba jeusi lililokuwa likigandisha mdomo wa juu na wa chini usiku kucha, hata kila asubuhi ilibidi alowanishe pamba kwa maji ya vuguvugu na kuibandua midomo taratibu kabla ya kuweza kusema neno. Ugali hakuugusa kwa miezi. Uji alinywa kwa mrija, usio na sukari wala ndimu, na hata huo aliuacha upoe kabisa kwanza. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za fangasi mara tatu mfululizo, na alipimwa virusi vya UKIMWI mara nne, kila mara majibu yakitoka hana. Siwalaumu kwa kupima. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 maambukizi kwa watu wazima yalikuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima lakini asilimia 12.7 kwa jirani zetu wa Njombe, kwa hiyo muuguzi wa Nyanda za Juu Kusini anayeona vidonda vya mdomoni asipofikiria virusi kwanza atakuwa hajui anafanya kazi wapi. Ninacholalamikia ni kwamba baada ya jibu la kwanza hakuna aliyeuliza swali la pili.

Swali la pili liliulizwa na daktari wa ngozi, ambaye alichukua kinyama kidogo pembeni ya kidonda, akakipeleka maabara, na kabla majibu hayajarudi akaagiza mgonjwa apigwe picha ya tumbo. Sote tulishangaa tumbo linahusiana vipi na mdomo. Picha ilionyesha uvimbe nyuma ya utumbo, karibu na uti wa mgongo, ambao mwenyewe hakuwahi kuusikia ukimuuma hata siku moja.

Ugonjwa wake, ambao madaktari huuita pemfigasi ya paraneoplastiki, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na Grant Anhalt na wenzake nchini Marekani, nao ni wa nadra sana. Ni aina ya pemfigasi, yaani ugonjwa ambao kingamwili, badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia gundi inayoshikanisha seli za ngozi na za utando wa ndani, ila katika aina hii anayezichochea kingamwili hizo ni uvimbe uliojificha mahali pengine mwilini. Kwa watu wazima mara nyingi huwa ni saratani ya tezi au ya damu, na kwa vijana mara nyingi huwa ni uvimbe wa Castleman, uliopewa jina la daktari wa Boston aliyeueleza katika miaka ya 1950, ambao si saratani kwa maana ya kawaida na ukiwa mahali pamoja tu hutibiwa kwa kukatwa. Uvimbe wa mdogo wangu ulikatwa Dar es Salaam. Daktari wa upasuaji alituambia kwamba kazi kubwa ilikuwa kuifunga mishipa ya damu ya uvimbe kwanza bila kuukamua, kwa sababu ukiminywa unaweza kumwaga kingamwili nyingi kwenye damu kwa wakati mmoja. Mdomo ulianza kupona polepole, ukapona kabisa baada ya takriban mwaka mzima, na leo anakula ugali na kisamvu kama sisi wengine.

Mapafu hayakupona.

Hapa lazima nieleze mambo kwa utaratibu, maana ndipo swali la baba mkubwa linaposimama. Mirija ya hewa kifuani hugawanyika mara nyingi kama matawi, na ile ya mwishomwisho ina upana usiofikia milimita 2. Kingamwili zilezile zilizochubua mdomo huchubua pia utando wa mirija hiyo. Seli zilizobanduka huziba njia, mwili hujaribu kutengeneza kidonda kwa kuweka kovu, na kovu ndani ya mrija mwembamba kiasi hicho humaanisha mrija umekwisha. Ugonjwa wa namna hii madaktari huuita bronkiolaitisi obliteransi, na hauji kwa pemfigasi peke yake, kwani baridi yabisi ya kinga na ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga hukausha macho na mdomo, vinaweza kuuleta pia, ingawa kwa nadra. Vifuko vya hewa vyenyewe huwa vizima, na ndiyo maana picha ya kawaida ya kifua inaweza kutoka safi kabisa huku mgonjwa akihema kama aliyepanda mlima Loleza kwa kukimbia. Ya mdogo wangu ilitoka safi mara mbili. Aliambiwa ana pumu, akapewa dawa ya kupuliza ambayo haikumsaidia kitu. Makohozi yake yalipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Aliyegundua ni mtaalamu aliyempulizisha kwenye spirometa, mashine inayopima ni hewa kiasi gani mtu anaweza kuitoa katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu zote: yeye alitoa asilimia 28 ya kiasi kinachotarajiwa kwa mwanamke wa umri na urefu wake, na alipopewa dawa ya kufungua mirija na kurudia, namba haikusogea. CT skani iliyopigwa baada ya kutoa pumzi ilionyesha mabaka meusi, sehemu ambazo hewa imeingia na kushindwa kutoka.

Nilijaribu kuwaeleza wanafunzi wangu hali hiyo kwa kuwaambia wavute pumzi kupitia mdomo wazi kisha waitoe yote kwa mrija wa soda, na kabla haijaisha wavute tena, na tena. Hakuna aliyefika dakika mbili. Mmoja alikasirika kwelikweli.

Kovu la aina hiyo halina dawa. Zipo dawa za kutuliza kinga na za kuvuta ambazo huweza kusimamisha ugonjwa usiendelee, na kwa mdogo wangu baada ya uvimbe kutoka ulisimama, lakini mirija iliyokwisha kufa haifufuki. Ndipo neno kupandikiza lilipotajwa, tena kwa tahadhari kubwa.

Historia ya tiba hiyo haikuanza vizuri. James Hardy wa Mississippi alimwekea mtu pafu kwa mara ya kwanza tarehe 11 Juni 1963, na mgonjwa aliishi siku 18. Kwa miaka karibu 20 iliyofuata madaktari wa nchi mbalimbali walijaribu na karibu wote walishindwa, mara nyingi kwa sababu pale bomba la hewa la mgonjwa liliposhonwa na la mtoaji hapakupona, pakaachia. Joel Cooper na wenzake wa Toronto walifanikiwa mwaka 1983, wakati saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ilipokuwa imeanza kupunguza haja ya kumeza steroidi nyingi zinazochelewesha kidonda kupona, na mgonjwa wao wa kwanza aliishi zaidi ya miaka sita. Siku hizi duniani hupandikizwa zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka. Ukichukua watu wazima waliopandikizwa tangu 2010, nusu yao huishi kupita kiasi cha miaka 6 au 7 hivi, namba ambayo ni ndogo kuliko ya figo, moyo au ini, kwa kuwa pafu ndilo kiungo pekee kati ya hivyo kinachovuta vumbi na vijidudu vya nje kila sekunde chache.

Na baba mkubwa alikuwa sahihi. Mwaka 1984 madaktari wa Stanford walieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wao waliopandikizwa moyo pamoja na mapafu walikuwa wameanza kuziba mirija midogo ya hewa, na ugonjwa waliouona ulikuwa bronkiolaitisi obliteransi ileile. Mpaka leo ndiyo sura kuu ya mwili kuyakataa mapafu mapya kwa muda mrefu, nayo huwapata karibu nusu ya waliopandikizwa ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo mtu aliyepoteza mapafu yake kwa ugonjwa huu anapewa mengine, akijua kwamba adui anayewindwa ana jina lilelile. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilimwona baba mkubwa kuwa ni mwanasayansi kuliko mimi.

Hata hivyo jina moja halina maana kwamba ni jambo moja. Kilichoziba mapafu ya mdogo wangu kilichochewa na uvimbe, na uvimbe umekwisha kutolewa. Kitakachotishia mapafu mapya ni kinga inayofanya kazi yake ya kawaida ya kukataa kitu cha mtu mwingine, na hiyo inajulikana, inapimwa, na inazuiliwa kwa dawa tatu za kila siku: takrolimasi kila baada ya saa 12, mikofenoleti, na prednisoloni kidogo. Mgonjwa hupuliza spirometa ndogo nyumbani na kuandika namba. Ikishuka na kubaki chini kwa asilimia 20 kutoka kiwango chake bora, madaktari huita hali hiyo kwa jina lake na kubadilisha dawa. Ugonjwa wa kwanza ulikula mapafu yake chini ya mwaka mmoja, hakuna aliyekuwa analinda mlango. Huu wa pili wengine hawaupati kwa miaka mingi, na wanaoupata wengi huwa tayari wameishi miaka ambayo wasingeipata. Hiyo ndiyo tofauti niliyomletea baba mkubwa, nami naona ni tofauti kubwa, ingawa sikumficha kwamba kwa pemfigasi ya aina hii waliopandikizwa ni wachache sana na habari zao zimeandikwa mmoja mmoja, hivyo daktari mwaminifu hatakupa asilimia.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi ndugu walivyolifikiria jambo hili kwa mfano wa figo. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, kwa hiyo kaka yetu alisimama pale kikaoni akasema, kwa moyo mweupe, "Mimi nina mawili, achukue moja." Nilimshika mkono. Pafu halitolewi hivyo. Kwa kawaida mapafu hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa huku moyo ukiendelea kupiga na hewa ikiingizwa kwa mashine, tena yalingane kundi la damu na ukubwa wa kifua, na yakishatoka yana takriban saa 6 hadi 8 za kuwa yameshashonwa. Ipo njia ya watu wawili walio hai kutoa kila mmoja sehemu moja ya chini ya pafu lake, na Japani ndiyo iliyoifanya kwa wingi kwa sababu ya uhaba wa watoaji waliofariki, lakini hiyo ni kuwalaza watu watatu chini ya kisu ili kumwokoa mmoja. Kaka alikaa chini akasema bado yuko tayari. Mama mdogo alimwambia aache ujinga, kisha akatoka nje kwenda kuangalia mahindi gizani.

Tanzania haipandikizi mapafu. Tulipeleka karatasi zetu Chennai, India, na majibu yalikuja kwa lugha ya upole yenye masharti mazito. Sheria ya kwao humpa kwanza Mhindi, na mgeni hufikiriwa pale ambapo hakuna Mhindi anayelingana na kiungo kilichopatikana. Mgonjwa hawezi kusubiri Mbeya akaitwa kwa simu, kwa sababu ya zile saa 6 hadi 8, bali ahamie huko pamoja na ndugu wa kumtunza. Wanataka CT mpya ya tumbo kuthibitisha kwamba uvimbe haujarudi, wanataka vidonda vya mdomo viwe vimenyamaza bila dawa nyingi, wanataka apimwe kama ana kifua kikuu kilicholala, maana rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanya ini livunje takrolimasi haraka mno na kumwacha mgonjwa bila ulinzi, na wanataka aongeze uzito na aweze kutembea.

Safari yenyewe ni hesabu. Sisi tunaishi juu ya mita 1,700, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko ya pwani, na kabini ya ndege kubwa inaporuka inaruhusiwa kufikia hali ya hewa ya mwinuko wa kama mita 2,400, yaani kama kumkalisha mdogo wangu karibu na kilele cha Loleza kwa saa nyingi. Kwa hiyo atahitaji oksijeni ndani ya ndege kwa idhini ya shirika husika. Mwaka jana tulimpeleka kwa shangazi Kyela, karibu na ziwa, ambako mwinuko hauzidi sana mita 500, na kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kwenye damu, kilichokuwa kikisoma asilimia 87 hapa Uyole, kilisoma 92 kule. Alilala usiku kucha bila mashine ya oksijeni. Baba mkubwa alisema basi ahamie Kyela, yameisha. Lakini mirija haikufunguka, oksijeni tu ndiyo iliongezeka, na baada ya wiki tatu malaria ilimrudisha kwetu.

Jambo ambalo mdogo wangu mwenyewe analifikiria kuliko upasuaji ni maisha ya baadaye ya nyumbani. Mapafu yaliyopandikizwa hayaunganishwi neva, kwa hiyo mtu haisikii haja ya kukohoa kutoka chini kama zamani, ni lazima ajifunze kukohoa kwa makusudi. Balungi, ambalo kwa shangazi halikosekani mezani, hatalila tena, kwa sababu huongeza takrolimasi kwenye damu. Kupukuchua mahindi yaliyopata ukungu, kufagia banda la kuku, kugeuza mbolea shambani, yote hayo yana vimelea vya ukungu ambavyo kifua cha kawaida hupuuza na kifua kilichopunguziwa kinga hakiwezi. Jiko la kuni halitakuwa lake. Siku niliyomsomea orodha hiyo alinyamaza kidogo, akaniuliza kama kushona anaruhusiwa. Nilimwambia vumbi la vitambaa avae barakoa. "Basi hayo mengine mtafanya ninyi," akasema, akaendelea kukata uzi.

Hajaandikishwa popote bado, na shamba halijauzwa. Tunatimiza masharti yanayotimizika hapa. La kutembea hupimwa kwa dakika sita kwenye njia ya mita 30, kwenda na kurudi, na sisi njia yetu ni ukuta wa darasa la shule ya msingi iliyo jirani, tuliouwekea alama za chaki kila mita 3 baada ya kupima kwa kamba. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, jua likishakausha umande, mdogo wangu hutembea, mimi hushika saa na kifaa cha kidoleni, na watoto wanaocheza uwanjani huhesabu mizunguko kwa sauti kubwa ambayo hatukuwaomba. Mara ya kwanza alifika mita 190 akakaa chini. Mtungi wa oksijeni ni mzito kuubeba, kwa hiyo tuliutafutia toroli. Tangu Jumamosi ya pili anayelisukuma toroli hilo nyuma yake, hatua kwa hatua, akiwa na koti lake zito na kofia, ni baba mkubwa. Sijawahi kumuuliza kama jibu langu lilimtosha. Jumamosi iliyopita walifika mita 255, naye ndiye aliyesimama kupumzika kwanza.